Nyanjige Alikataa Kula Kiapo

Siku watu wa Bukundi walipokuja kumchumbia Jenifer, mama yake alikula mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kwanza alikunywa uji wa mtama wenye maziwa, bakuli zima. Halafu, wageni wakiwa bado njiani, alikaa kwenye kigoda jikoni akatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kipande baada ya kipande, kama mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa. Tuliokuja kumsaidia kupika tukatazamana. Mmoja wetu akacheka.

"Nyanjige, wageni watakuta sufuria tupu!"

"Wakute," alisema. "Tumbo langu likiwa tupu ni adui yangu. Nyie hamlijui."

Kweli hatukulijua. Sisi majirani zake wa Mwandoya tulichojua ni kwamba miaka mitatu nyuma mwanamke huyu alikuwa akiokotwa kando ya njia ya mnadani jua likiwa bado halijawa kali, kanga imemfunguka, nzi mdomoni, na kwamba sasa haokotwi tena. Namna alivyotoka kule tulikuja kuisikia kwa kinywa chake mwenyewe. Hana haya ya kuisimulia. Ukianza kumwonea huruma anakukatiza.

Baba yake, Mboje, alikuwa na ng'ombe wengi na kiu kubwa zaidi ya ng'ombe wake. Alipokufa, ini limeharibika, watu walisema ni damu ya ule ukoo, kwamba babu naye alikufa vilevile. Nyanjige alikua anaichukia pombe hata harufu. Aliolewa, akamzaa Jenifer, na hakuwahi kuonja hata togwa lililochacha. Jenifer alipofika miaka sita, mume akaenda machimboni Geita na hakurudi wala kutuma salamu. Mwaka huohuo mvua ikakata mapema, pamba ikabaki futi moja kutoka ardhini. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili akamfundisha kupika gongo.

Mpishi wa gongo lazima ajue kama mzigo wake una nguvu. Unadondosha kidogo kwenye kifuniko, unawasha kiberiti, unatazama moto. Lakini moto haukuambii kama imeungua chini ya pipa au kama maji yameingia. Kwa hiyo unaonja. Nyanjige alionja kila alipopika, na alipika karibu kila siku.

"Sikuanza kwa huzuni," hutuambia. "Wala kwa mizimu. Nilianza kwa kuonja, kama mpishi yeyote. Siku moja nikajikuta nimeonja na kiberiti sijawasha. Nikasema, aa, kumbe."

Baada ya hiyo "kumbe" ilipita miaka mingi. Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa chakula. Ugali ukaanza kumnukia vibaya. Jenifer anapika, anampakulia, anaondoka kwenda kushona kwenye kibaraza cha fundi aliyemfundisha cherehani. Akirudi sahani ni tupu, na kuku wa nyumba ile ni wanene kupita kuku wote wa mtaa. Njaa ilikuwepo. Nyanjige anasema ilimuuma tumboni kama kawaida, ila alipoisikiliza, ilikuwa haiombi ugali. Ilikuwa inaomba gongo. Mikono yake ikawa kama vijiti.

Jenifer alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, alichoka. Asubuhi moja mama akiwa amelala, alimwaga kila chupa na kila dumu, akalitoboa pipa kwa panga, akaketi mlangoni na panga lile mapajani. Nyanjige alipoamka akamtazama, akaona kwamba leo mtoto wake si wa kusukumwa. Hakunywa siku ile. Hakunywa ya pili. Siku ya tatu, wakiwa shambani wanachuma pamba, alianguka katikati ya mistari, mwili mzima ukimtetemeka, macho yamegeuka, povu linatoka. Walimbeba kwa pikapu ya jirani mpaka Bariadi, na njia nzima Jenifer alilia akisema amemuua mama yake.

Hospitali walimtuliza kwa dawa, wakamwongezea maji na vitamini. Alipopata fahamu ya kuongea, alikuja mwanamke mfupi mwenye miwani, Sista Eufrasia, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Jambo la kwanza alimgeukia Jenifer.

"Binti, hukumuua mama. Ila mtu aliyekunywa kwa kiwango hiki haachi ghafla peke yake nyumbani. Mwili unashtuka. Angeletwa hapa, tungemwachisha kwa dawa. Sasa unajua, mwambie na mwingine."

Kisha akamuuliza Nyanjige swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Si kwa nini unakunywa, wala huoni aibu. Alimuuliza, "Hamu inakujia saa ngapi?"

Nyanjige alifikiri. "Saa nne asubuhi. Na jioni kabla ya kula."

"Na ukishakula?"

"Sili, Sista."

"Basi tutaanzia hapo."

Alipotoka hospitali akiwa na kilo arobaini na moja, shangazi yake Shida alikuwa anamngoja nyumbani na mtungi wa pombe ya mtama. Alisema masamva, mizimu ya ukoo, yamekasirika. Mboje ana kiu huko aliko. Inatakiwa amwagiwe kaburini na mwanawe apige funda moja tu la kupokea. Nyanjige alikuwa anashikilia mlango ili asimame.

"Shangazi, baba nilimpenda. Kama ana kiu aje aseme na mimi, asiseme na mtungi. Mimi funda silipigi."

"Utakufa."

"Nilikuwa nakufa kwa kunywa. Acha nife kwa njia nyingine, nibadilishe."

Shangazi aliondoka na mtungi wake. Nyanjige alianza kula kama mtu aliyeajiriwa kula. Saa moja uji. Kabla ya saa nne, matobolwa au maharage yaliyobaki. Mchana ugali na mlenda, atake asitake. Saa kumi jioni kitu tena, hata kama ni kipande cha muhogo. Wiki za kwanza alikula analia, chakula kinapanda kinashuka. Kila Alhamisi ya pili alipanda gari la alfajiri kwenda Bariadi kliniki. Katika mojawapo ya safari hizo alimuuliza Eufrasia kwa nini hamu inamjia kwa mlango wa njaa.

Eufrasia alivua miwani, akaifuta. "Mwilini kuna homoni zinazopeleka habari kichwani. Moja inatoka tumboni inasema tule. Nyingine inatoka kwenye mafuta ya mwili inasema tumeshiba. Watafiti wameona hizohizo zinagusa pia sehemu ya kichwa inayotamani pombe. Na kwa baadhi ya watu waliokunywa miaka mingi, wameona alama ndogondogo zimekaa juu ya jeni zinazotengeneza homoni hizo. Jeni ni ileile uliyozaliwa nayo. Ila alama inaweza kuifanya iseme kwa sauti kubwa au ndogo kuliko ilivyokuwa."

"Alama kama chapa ya ng'ombe?"

"Chapa ya moto haitoki. Hii ifananishe na ile rangi mnayowapaka mgongoni wakishachanjwa. Ng'ombe ni yuleyule. Rangi nyingine mvua inaiosha, nyingine inakaa."

"Yangu imeoshwa?"

"Sijui, mama. Kipimo hicho hapa hatuna, na hata walionacho bado wanabishana. Ninachojua ni kwamba ukila kwa saa, ile sauti inapungua. Wewe mwenyewe umeniambia."

Nyanjige alisema hapo ndipo alipompenda yule muuguzi, kwa lile neno "sijui". Watu wengine wote maishani mwake walikuwa wanajua.

Sasa turudi siku ya wageni. Walifika saa tano: mzee Malimi, mfugaji wa Bukundi, mwenye kofia ya pama na fimbo ya mkuyati, na mwanawe mkubwa Danford, mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Mchumba, Josia, ni mdogo wa Danford, fundi wa pikipiki; yeye kwa desturi hakuja. Tuliwaamkia, "Mwangaluka," wakaitika, wakakalishwa, wakanawa, wakala. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka Danford alipokohoa.

"Mayu, mama yetu, naomba unisamehe. Ninalosema si matusi. Mimi ni mwalimu, na nampenda mdogo wangu. Wataalamu wamegundua kwamba pombe inaacha alama kwenye jeni. Inaitwa epijenetiki. Mtu akinywa sana, alama zinabaki, na zinakwenda kwa watoto na wajukuu. Hapa kuna babu, kuna Mzee Mboje, kuna... na wewe mwenyewe. Sisi tunataka kujua tunaoa nini."

Jenifer alikuwa nyuma ya pazia na sisi. Nilimwona anashika ukingo wa meza. Nilitegemea Nyanjige alie au afukuze watu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kipande cha kiazi sahanini, akakitafuna, akakimeza.

"Mwalimu, hayo umesoma wapi?"

"Kwenye simu. Ni utafiti."

"Nusu yake mimi nimeisikia, kwa mtu anayefanya kazi hiyo. Nusu ya pili sijaisikia. Miaka yote hapa waliniambia ni mizimu, nikakataa. Leo umekuja na mizimu ya kwenye simu. Sikubali wala sikatai. Alhamisi naenda kliniki Bariadi. Twende wote, ukamuulize muuguzi mbele yangu. Akisema binti yangu amechorwa, nitamwambia Josia mwenyewe atafute kwingine. Akisema hajachorwa, utarudi hapa, kwenye kiti hichohicho, useme mbele ya hawahawa."

Malimi alimtazama mwanawe. Danford, sifa yake moja ni kwamba si mwoga. Akasema, "Nitakuja."

Alhamisi wakaenda. Yaliyosemwa kule nimeyapata kwa wote wawili, na hayatofautiani. Danford alieleza hoja yake vizuri, kwa maneno ya darasani. Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hujasema uongo. Umeunganisha tu vitu ambavyo havijaungana. Alama zimeonekana kwa mnywaji mwenyewe. Kwamba alama hizohizo zinapita kwa mtoto wa binadamu na kumfanya mlevi, hilo halijathibitishwa. Kuna waliyoyaona kwa panya. Jenifer si panya."

"Lakini ulevi unakwenda kwa familia, Sista. Hilo linajulikana."

"Linajulikana. Sitakudanganya: mtoto wa mnywaji ana hatari kubwa kuliko mwingine. Kwa sababu ya jeni, kwa sababu ya aliyoyaona utotoni, kwa sababu ya dumu kuwa jikoni. Lakini hatari si hukumu. Wengi wa watoto hao hawawi walevi. Jenifer ana miaka ishirini na minne na hanywi." Akamtazama juu ya miwani. "Kwenu nani anakunywa?"

"Kwetu..." Danford akaanza. Nyanjige akamsaidia. "Baba yake. Kila siku ya mnada."

"Basi Jenifer naye ana haki ya kuuliza anaolewa na nini," alisema Eufrasia.

Danford aliangalia viatu vyake, halafu, Nyanjige anasema, akacheka mwenyewe. Alisema, "Nimefungwa bao."

Jumapili alirudi Mwandoya na baba yake. Alikaa kwenye kiti kilekile akasema yote, hata lile la panya, hata lile la mnada, ambalo halikumfurahisha Malimi. Aliomba radhi kwa Nyanjige na akaomba radhi kwa Jenifer kwa jina. Tukadhani imekwisha.

Malimi aligonga fimbo chini. "Mimi nimesikia. Lakini mimi ni mtu wa kale. Mama Jenifer ale kiapo. Mbele yetu, kwamba hatakunywa tena mpaka kufa. Na siku ya harusi akae ndani na wanawake, asikae kiti cha mbele, maana pombe itakuwepo, na watu watamtazama."

Sisi nyuma ya pazia tuliona ni kitu kidogo. Kiapo ni maneno tu. Mmoja wetu alinong'ona, "Akubali basi, yaishe." Nyanjige alisimama.

"Mzee Malimi, nimekula uji nisioutaka. Nimekula ugali huku natapika. Nimekula kila kilichowekwa mbele yangu ili nifike leo. Kiapo sili. Nikiapa mpaka kufa nitakuwa naongea juu ya siku nisiyoijua, na mtu aliyeapa akiteleza anajificha, na mimi nikijificha nimekwisha. Leo sijanywa. Kesho ukiniuliza nitakujibu ya kesho. Na kiti cha mama nitakikalia. Nimemzaa mimi, nimemlea vibaya na nimemlea vizuri, yote mimi. Wanaotaka kunitazama wanitazame, nitavaa nguo nzuri."

"Na nisipokubali?"

Pazia lilifunguka. Jenifer alitoka akasimama kando ya mama yake. Hakuinua sauti. "Basi mwambie Josia nimesema mama asipokaa, mimi siji."

Malimi aliilaza fimbo mapajani. Alimgeukia Danford na kumwambia kwa Kisukuma kwamba wanawake hawa wawili hawashindwi kwa fimbo moja. Kwetu jibu hilo ni ndiyo.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa. Nyanjige alikaa kiti cha mbele, gauni la bluu alilolishona Jenifer, kilemba kikubwa kuliko cha bibi arusi. Watu walimtazama kweli. Kila trei ya vinywaji ilipopita, vichwa viligeuka pamoja na trei. Alimwita mhudumu kwa sauti watu wote wakasikia: "Niletee soda, na uniletee nyama, na usinipitie tena na hiyo!" Meza ya Bukundi ilicheka, na baada ya hapo vichwa vikapumzika.

Ningependa kuishia hapo, lakini yeye mwenyewe hapendi nikiishia hapo. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, wakati wa palizi, alipata habari kwamba yule mume wa machimboni alikuwa hai siku zote hizo, ana mke na watoto watano, na amefariki wiki mbili zilizopita. Nyanjige alishinda siku nzima na jembe, hakula. Jioni alipita kwa mwanamke wa kitongoji cha pili akanywa. Alikunywa mpaka akalala hukohuko.

Asubuhi tulijua wote. Tulingoja ajifungie ndani. Aliamka, akanywa uji kwa shida, akajitanda kanga, akapanda bodaboda mpaka Bukundi. Alimkuta Malimi zizini anakagua ndama, Jenifer na mama mkwe wake wanakamua. Hakungoja hata kukaribishwa.

"Nimekuja kusema mwenyewe kabla pikipiki nyingine hazijaleta habari. Jana nilikunywa. Leo sijanywa. Alhamisi naenda kwa Eufrasia, nitamwambia na yeye. Anayetaka kunicheka anicheke sasa, nina kazi shambani."

Jenifer aliweka kibuyu chini akamshika mkono. Malimi aliendelea kumpapasa ndama shingo, kisha akasema bila kumtazama:

"Na mimi jana nilikunywa. Na juzi. Mbona mimi siitwi popote?"

"Nakuita," alisema Nyanjige. "Alhamisi. Gari linapita hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Usile kiapo. Kula uji, uje."

Mzee alicheka, akasema ana ng'ombe wa kuogesha. Alhamisi ile hakutokea, wala iliyofuata. Nyanjige hakumkumbusha, ila kila mara alimwambia kondakta amshikie mzee siti ya pembeni yake mpaka wapite Bukundi. Alhamisi ya tatu mzee Malimi alikuwa amesimama barabarani gizani, kofia kichwani, amenuna, na alipopanda alimwambia Nyanjige asidhani amemshinda.

"Sijadhani," alisema Nyanjige, akamsogezea nafasi. "Kaa."